Zao la Nje: Historia ya Kuzidisha Orodha Mbili Bila Kugombania Daftari

 

Zamu hii ni ya historia. Tumeshaandika historia ya barabara, ya magonjwa, ya vita vilivyotufukuza. Leo tunaandika historia ya hesabu moja ndogo ndani ya kompyuta. Msikimbie. Kila mtu aliyewahi kupanga foleni ya chakula ameshaiona hesabu hii kwa macho yake, ila hakuambiwa jina lake.

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Siku moja tulipewa daftari za kugawia madarasa ya jioni. Tuliweka meza mbili ili kazi iende haraka, na ubao mmoja wa kuandikia jumla ya daftari zilizotoka. Kila aliyemaliza kundi lake alikuwa anasoma namba ubaoni, anaongeza zake, anafuta, anaandika namba mpya. Mwenzetu wa meza ya kwanza akasoma 120, akarudi kuongeza zake 15. Kabla hajaandika, wa meza ya pili naye akasoma 120, akaongeza zake 20. Wa kwanza akaja akaandika 135. Wa pili akaja, akafuta, akaandika 140. Jibu sahihi lilikuwa 155. Daftari 15 zikapotea ubaoni, na sisi tukaanza kutazamana. Nani kala?

Si mnajua maisha yetu. Kwa mkimbizi, kuitwa mwizi wa msaada ni neno zito, linaweza kukufuata miaka. Wenzetu wawili walikaa wiki nzima hawasemeshani. Na hakuna aliyeiba hata kalamu. Kosa lilikuwa kwenye namna ya kufanya kazi: watu wawili, wakati mmoja, wanafuta na kuandika mahali pamoja.

Baadaye tukaja kujifunza kwamba kompyuta nazo zinaugua ugonjwa huo huo. Na kumbe dawa yake ilianza kutafutwa miaka mia moja iliyopita, na watu ambao hata kompyuta hawakuwa nayo.

Hesabu yenyewe ni hii

Chukua orodha mbili. Ya kwanza ni ukubwa wa familia: watu 3, watu 5, watu 8. Ya pili ni kiasi cha kila mtu, na hapa tunatoa mfano tu, msije mkatuuliza mbona ni tofauti na mlichopokea: unga kilo 10, maharage kilo 2, mafuta lita 1. Sasa kila namba ya orodha ya kwanza izidishwe na kila namba ya orodha ya pili. Unapata jedwali:

Familia ya 3: 30, 6, 3.
Familia ya 5: 50, 10, 5.
Familia ya 8: 80, 16, 8.

Basi. Hilo jedwali ndilo wanahisabati wanaliita zao la nje la orodha mbili. Orodha ya vitu 3 na orodha ya vitu 3 zimezaa majibu 9. Zingekuwa familia 1,000 na vyakula 6, majibu yangekuwa 6,000. Hata jedwali la kuzidisha tulilokariri darasa la tatu ni zao la nje. Na si lazima iwe kuzidisha. Unaweza kujumlisha, kulinganisha, au kuuliza swali lolote linalohitaji vitu viwili, kimoja kutoka kila upande.

Sasa tazameni kitu kimoja muhimu. Ili kupata 80 ya familia ya watu 8, je, ulihitaji kujua 6 ya familia ya watu 3? Hapana. Kila kisanduku cha jedwali kinajitegemea, hakimsubiri jirani. Maana yake ukiwa na watu tisa unaweza kumpa kila mmoja kisanduku chake, wakahesabu wote kwa pamoja, na hakuna atakayemkanyaga mwenzake. Hiyo ndiyo tunaita kuhesabu sambamba. Zao la nje limeumbwa hivyo. Lakini kompyuta ilichukua muda mrefu kuelewa, na tutaona kwa nini.

Göttingen, 1920

Mwaka 1920, katika mji wa Göttingen, Ujerumani, mwanahisabati aitwaye Moses Schönfinkel alitoa mhadhara. Alikuwa mzaliwa wa mji ambao leo uko Ukraine. Mhadhara ulichapishwa mwaka 1924. Jambo mojawapo alilolionyesha linaonekana dogo: fanksheni inayohitaji vitu viwili unaweza kuilisha kimoja kimoja. Fanksheni, kwa wale ambao neno ni geni, ni kanuni: unaipa kitu, inakurudishia jibu. Kuzidisha kunahitaji namba mbili. Schönfinkel anasema, ipe moja kwanza. Ipe 5. Haitoi jibu bado, inakurudishia kanuni mpya: "zidisha kwa 5". Hiyo unaweza kuibeba ukaitumia kwa kila utakachokutana nacho.

Rudini kwenye mfano wetu. Familia ya watu 5 inageuka kuwa kanuni "zidisha kwa 5". Unaipitisha juu ya unga, maharage, mafuta: 50, 10, 5. Mstari mmoja wa jedwali umekamilika. Fanya hivyo kwa kila familia, umepata zao la nje lote. Wazo la mwaka 1920 ndilo linalobeba kazi yote.

Schönfinkel mwenyewe hakufaidi. Alihamia Moscow, akaugua, akafa maskini mwaka 1942. Inasimuliwa kwamba karatasi zake majirani walizichoma wapate joto. Sisi tunaojua bei ya kuni hatuwezi kuwahukumu majirani wale, ila inauma.

Wazo halikuungua pamoja na karatasi. Kijana Mmarekani, Haskell Curry, alikuwa ameshalisoma, akasafiri mpaka Göttingen, akapata shahada yake ya udaktari mwaka 1930. Mmoja wa walimu waliomsaidia pale, Paul Bernays, alifukuzwa kazi mwaka 1933 kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, akahamia Zürich, Uswisi. Kwa hiyo mkisikia watu wanasema hesabu za kompyuta ni za watu waliokaa kwa raha, wakumbusheni. Sehemu ya historia hii iliandikwa na watu waliofukuzwa.

Jibu ni lile lile

Mwaka 1936, huko Princeton, Marekani, Alonzo Church na J. Barkley Rosser walithibitisha jambo ambalo ndilo moyo wa makala hii. Church alikuwa ametengeneza lugha ya fanksheni tupu: hakuna kufuta, hakuna kuandika juu ya kilichoandikwa, ni kanuni na majibu tu. Yeye na Rosser wakaonyesha kwamba katika lugha hiyo, ukianza hesabu na kipande hiki au kile, na njia zote mbili zikafika mwisho, jibu litakuwa lile lile.

Mmeona uzito wake? Kama mpangilio wa kazi haubadilishi jibu, basi vipande vinaweza kufanywa na watu tofauti kwa wakati mmoja. Meza ya kwanza ikimaliza kabla ya meza ya pili, sawa. Ikimaliza baada yake, sawa. Ubao wetu wa daftari ulikuwa kinyume kabisa cha hilo: jibu lilitegemea nani amewahi kufika na chaki.

Mwaka 1958 John McCarthy alianza kutengeneza lugha ya programu iitwayo Lisp, na mwaka 1960 akachapisha maelezo yake. Lisp ilichukua mawazo ya Church ikayaweka ndani ya mashine, na kitu chake kikuu kilikuwa orodha. Humo ndani tayari kulikuwa na fanksheni inayochukua fanksheni nyingine na kuipitisha juu ya orodha. Lugha za namna hii leo tunaziita lugha za kifanksheni.

Mtoto wa shamba aliyeacha shule

Sasa hapa wadogo zetu mliosimamisha masomo njooni karibu.

Kenneth Iverson alizaliwa mwaka 1920 huko Camrose, jimbo la Alberta, Kanada. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi aliacha shule baada ya darasa la tisa, akafanya kazi shambani kwa wazazi wake. Vita vya Pili vya Dunia vikamkuta, akaingia jeshini, baadaye jeshi la anga, na humo akasoma kwa njia ya posta. Baada ya vita akaenda Chuo Kikuu cha Queen's, kisha Harvard, akapata udaktari mwaka 1954.

Alipokuwa anafundisha, Iverson alichoshwa na namna hesabu za orodha na majedwali zilivyoandikwa. Akatunga alama zake mwenyewe, akazitoa kwenye kitabu mwaka 1962 akiwa kampuni ya IBM. Kitabu kinaitwa A Programming Language, na herufi zake za mwanzo zikawa jina la lugha: APL. Mwaka 1966 ilikuwa inafanya kazi kwenye mashine. Na ndani ya APL zao la nje lina alama yake rasmi. Jedwali letu lote la chakula linaandikwa hivi:

3 5 8 ∘.× 10 2 1

Mstari mmoja. Hakuna "anza na familia ya kwanza, chukua unga, andika, rudi". Na ukiondoa alama ya kuzidisha ukaweka ya kujumlisha, unapata jedwali la kujumlisha. Mwaka 1979 Iverson alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika fani ya kompyuta. Hotuba yake ilihusu jinsi alama nzuri zinavyomsaidia mtu kufikiri. Huyo ndiye aliyeachia shule darasa la tisa. Hatusemi kuacha shule ni kuzuri, tusieleweke vibaya. Tunasema kukatika si kuisha.

Mlango mwembamba

Kama mambo yote haya yalijulikana, kwa nini kompyuta ziliendelea kuhesabu kimoja kimoja?

Sababu ni umbo la mashine. Tangu maelezo ya John von Neumann ya mwaka 1945, kompyuta nyingi zilijengwa hivi: upande huu kuna kumbukumbu, upande ule kuna prosesa, na katikati kuna njia ya kupitisha data kidogo kidogo. Chukua namba, hesabu, rudisha, chukua nyingine. Ni kama ghala kubwa lenye mlango mmoja mwembamba. Hata ukiwa na wabebaji mia, watapita mmoja mmoja.

Aliyelipigia kelele jambo hili ni mtu ambaye hakutegemewa. John Backus aliongoza kazi ya kutengeneza lugha ya FORTRAN mwaka 1957, lugha iliyofundisha kizazi kizima kuandika programu za "chukua, badilisha, rudisha". Mwaka 1977 alipopewa Tuzo ya Turing alitumia hotuba yake, iliyochapishwa mwaka 1978, kuukosoa mtindo huo, yaani kuikosoa njia aliyosaidia kuifungua yeye mwenyewe. Akapendekeza mtindo wa kifanksheni, na moja ya nguzo zake ilikuwa amri ya kutumia fanksheni kwa vitu vyote vya orodha mara moja. Mzee amepewa tuzo, anasimama mbele ya wenzake, anasema tulikosea njia. Wangapi wetu tunaweza?

Kugawa kazi kweli kweli

Mwezi Septemba 1987, kwenye mkutano huko Portland, Marekani, watafiti wa lugha za kifanksheni walikubaliana kuungana kwenye lugha moja badala ya kila mtu kuwa na yake. Wakaiita Haskell, kwa heshima ya yule Haskell Curry. Maelezo ya kwanza yalitoka mwaka 1990. Kwa Haskell, zao la nje la fanksheni f juu ya orodha xs na ys unaweza kuliandika hivi:

nje f xs ys = map (\x -> map (f x) ys) xs

Msiogope alama. Kwa maneno: kwa kila x wa orodha ya kwanza, tengeneza kanuni "f x", kisha ipitishe juu ya orodha yote ya pili. Ile "f x" ni Schönfinkel yule yule.

Kwa kuwa hakuna kufuta wala kuandika juu, mistari ya jedwali inaweza kugawiwa kwa prosesa tofauti. Mwaka 1998 Phil Trinder na wenzake walichapisha njia ya kutenganisha mambo mawili: hesabu yenyewe, na mpango wa nani afanye kipande gani. Unaandika hesabu mara moja, halafu pembeni unaandika mkakati wa kugawa. Ukibadilisha mkakati, jibu halibadiliki. Ni faida kubwa hiyo, maana unaweza kujaribu kugawa hivi na vile bila hofu ya kuharibu hesabu.

Lakini historia hii ina masomo machungu pia, na tusiyafiche.

Somo la kwanza ni ukubwa wa kipande. Ukimwita mtoto kutoka mbali umuulize "3 mara 10 ni ngapi?", muda wa kumwita ni mrefu kuliko hesabu. Kompyuta nayo inalipa gharama kila inapokabidhi kazi. Kwa hiyo usigawe kisanduku kimoja kimoja. Gawa mstari mzima, au mistari mingi pamoja.

Somo la pili ni foleni. Orodha ya kawaida kwenye lugha hizi ni kama foleni ambayo kila mtu anamjua tu aliye nyuma yake. Ukimtaka mtu wa 1,000, lazima uwapite 999. Huwezi kuruka katikati. Guy Steele, mmoja wa wataalamu wakubwa wa Lisp, mwaka 2009 aliwaambia wenzake waziwazi kwamba mazoea haya ya orodha yanakwamisha kazi sambamba, na kwamba ni afadhali kugawa data nusu kwa nusu, na kila nusu nayo nusu kwa nusu, kama matawi ya mti. Steele alikuwa na uzoefu: miaka ya 1980 alifanya kazi kwenye Connection Machine, kompyuta iliyokuwa na prosesa ndogo ndogo mpaka 65,536. Kampuni iliyoitengeneza ilifilisika mwaka 1994. Kuwa na wazo zuri hakukuhakikishii soko.

Somo la tatu ni la Gene Amdahl, la mwaka 1967. Kama sehemu moja ya kumi ya kazi lazima ifanywe na mtu mmoja peke yake, basi hata ukileta watu milioni, kazi yote haiwezi kuwa ya haraka zaidi ya mara kumi. Ndugu wa mashirika, hapa tunawaangalia ninyi kwa upendo. Mnaweza kuongeza meza za kugawia hadi kumi, lakini kama kuna dirisha moja tu la kuhakiki kadi, mama mwenye mtoto mgongoni atasimama juani vile vile. Kabla ya kuongeza meza, tafuteni dirisha.

Kwenye mfuko wako

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 prosesa zilifika mahali haziwezi kuongezewa kasi kwa urahisi, joto lilikuwa linazidi. Watengenezaji wakaanza kuweka viini kadhaa ndani ya prosesa moja. Leo hata simu za bei nafuu nyingi zina viini vinne au vinane. Yaani ule ubao wetu na meza mbili sasa uko ndani ya simu.

Mwaka 2004 Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google walieleza mfumo wao wa MapReduce, wa kugawa kazi kwa maelfu ya mashine, na wakasema wazi kwamba mawazo yake yametoka Lisp na lugha nyingine za kifanksheni. Na zile programu za akili bandia zinazotafsiri maneno kwenye simu zinapofundishwa, kila hatua zinazidisha orodha ya makosa na orodha ya data iliyoingia, ili kujua wapi pa kurekebisha. Kila kosa mara kila ingizo. Ni zao la nje, jedwali lile lile la unga na maharage.

Tulichobadilisha

Sasa turudi ubaoni. Tulipoielewa historia hii tuliwaita wale wenzetu wawili, tukawaeleza mbele ya kundi kilichotokea, hatua kwa hatua, kwa chaki: 120, 120, 135, 140. Walicheka, kisha mmoja wao akanyamaza kidogo. Akasema, "Kwa hiyo siku zote hizo nilikuwa namchukia mtu kwa sababu ya hesabu." Tukaomba radhi, sisi wote tuliotazama kwa jicho baya.

Siku hizi kila meza ina karatasi yake. Hakuna anayefuta. Mwisho wa siku watu wawili wanakusanya karatasi na kujumlisha, na ukizijumlisha kuanzia meza ya kwanza au ya mwisho, jibu ni lile lile.

Kama una simu tu, huna kompyuta, anza na punje za mahindi. Panga orodha mbili chini, waite wadogo zako, mpe kila mmoja mstari wake, muone nani anamsubiri nani. Mkiona hakuna anayemsubiri mwenzake, mmeshaelewa. Na siku nyingine namba zikipungua kwenye kundi lako, kabla hujauliza nani kala, uliza kwanza: je, tulikuwa tunaandika kwenye ubao mmoja?